Kusahau kwa Wazee Wetu: Tuzibe Ufa Mapema

(Haya ni maneno tuliyosema mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Thika na vijiji vya karibu. Tumeyaandika ili yasomwe kwa sauti katika mikutano yenu, hasa kwa wale ambao hawakuweza kufika.)



Mmezoea kutusikia tukizungumza juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji na mikopo. Leo hayo tutayaweka kando. Tunataka kuzungumza juu ya kusahau. Si kule kusahau mahali ulipoweka kisu. Tunasema ule ugonjwa unaomfanya mzee apotee njia ya kwake, asahau jina la mtoto wake, na mwisho asahau hata kula. Tutaanza na kosa letu wenyewe, maana si vizuri kuwafundisha wengine huku letu tumelificha.

MWEKAHAZINA WETU

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa wanachama wa kikundi kimoja nje kidogo ya mji wa Thika, wengi wetu tukiwa akina mama. Mwekahazina wetu alikuwa mama wa miaka 67. Sote tulimwita cucu. Kwa miaka 11 hakuna shilingi iliyopotea mikononi mwake. Kisha hesabu zikaanza kuharibika. Mara ameandika mchango wa mtu mmoja mara mbili, mara hakuandika kabisa. Siku moja zikakosekana shilingi 6,400. Tulipomwuliza, alisema amempa mwenyekiti. Mwenyekiti akakana. Cucu akalia, akakasirika, akasema tunamwonea.

Jameni, hatukuuliza zaidi. Tulisema ni mwizi. Tulimnyang'anya daftari mbele ya watu wote, tukamwambia asirudi.

Baada ya miezi minne binti yake alizipata zile pesa. Zilikuwa zimefungwa kwa kitambaa ndani ya kopo la unga, na hakuna hata noti moja iliyokosekana. Alikuwa ameziweka vizuri zisiibwe, kisha akasahau. Binti akampeleka hospitali. Presha ilikuwa 190 kwa 110. Kumbe alikuwa ameambiwa ana presha miaka tisa nyuma! Tembe alikuwa akimeza kichwa kikiuma tu. Kikipoa, anaziweka kabatini. Daktari alieleza kwamba presha ile ilikuwa imeharibu mishipa midogo ya ubongo polepole, mwaka baada ya mwaka, bila yeye kujua.

Tulienda kumwomba msamaha. Alitupokea kwa furaha, akatuuliza mara tatu kama tumekunywa chai. Hakukumbuka kwamba tulimfukuza. Lakini binti yake alituambia jambo ambalo linatuuma mpaka leo. Kila Alhamisi, siku ya mkutano, cucu alikuwa akifunga kitambaa safi kichwani na kuketi langoni, akingoja tumpitie.

Alifariki bila kurudi kikundini. Ndiyo sababu tunasimama mbele yenu leo.

UGONJWA HUU NI NINI?

Madaktari huuita demensia. Si ugonjwa mmoja, ni jina la hali ambayo akili inapungua nguvu kwa sababu ubongo umepata madhara. Yako magonjwa kadhaa yanayoileta. Mmoja unaojulikana sana ni Alzheimer. Mwingine ni ule wa mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, kama ilivyompata cucu wetu. Wazee wengi wana yote mawili pamoja.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na hali hii, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi zisizo tajiri kama yetu. Hapa Kenya hesabu ya watu ya 2019 ilionyesha zaidi ya watu milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Wazee wanaongezeka, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini wakiongezeka wazee, shida hii nayo inaongezeka.

Mtu atauliza: si kila mzee anasahau? Ndiyo, lakini kuna tofauti. Mzee wa kawaida anasahau alikoweka miwani, baadaye anakumbuka. Mwenye ugonjwa huu anaweza kusahau miwani ni ya nini. Mzee wa kawaida anakosea siku ya wiki, kisha anajirekebisha. Mwenye ugonjwa anauliza swali lile lile mara kumi kwa saa moja. Anashindwa kuhesabu pesa alizozizoea. Anaacha sufuria motoni. Anapotea katika njia aliyoipita miaka 40. Anaanza kushuku watu kwamba wanamwibia. Mkiona hayo yakizidi mwezi hadi mwezi, si uzee tu. Mpelekeni apimwe.

Na kama mzee amechanganyikiwa kwa ghafla, jana alikuwa sawa na leo hajijui, msingoje. Hiyo inaweza kuwa nimonia, malaria, ugonjwa wa njia ya mkojo, kukosa maji mwilini, au sukari iliyoshuka. Mengi ya hayo yanatibika. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakishindwa kutoka vizuri, hicho ni kiharusi. Hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

SI UCHAWI, WALA SI LAANA

Lazima tuliseme hili waziwazi. Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wazee wanne waliuawa na umati wa watu kwa kudaiwa kuwa wachawi. Hatusemi hao walikuwa na ugonjwa wa kusahau. Tunasema kwamba mzee anayetembea usiku, anayezungumza peke yake, anayeingia boma la jirani akidhani ni kwake, ni rahisi kuitwa mchawi. Na huyo huenda ni mgonjwa. Sisi tulimwita wetu mwizi. Neno ni tofauti, lakini ubaya ni ule ule.

MAMBO YANAYOLETA HATARI

Yako mambo mawili ambayo hatuwezi kuyabadilisha. La kwanza ni umri. Miaka ikizidi, hatari inazidi. La pili ni ukoo, maana baadhi ya watu wanazaliwa wakiwa na hatari zaidi kuliko wengine.

Lakini habari njema ipo. Mwaka 2024 kamati ya wataalamu iliyoitishwa na jarida la Lancet la Uingereza ilitaja mambo 14 ambayo yanaweza kupunguzwa. Walikadiria kwamba kama yote yangeondolewa duniani, karibu wagonjwa 45 kwa kila 100 wangeweza kuepuka ugonjwa huu au kuucheleweshwa. Haimaanishi kwamba mtu akifanya yote vizuri hataugua. Wapo watu waliojitunza sana na bado wameugua, na tusiwalaumu. Lakini hatari inaweza kupunguzwa, na kazi hiyo inaanza mtu akiwa na miaka 40, si akiwa na 70. Hebu tuyaangalie yale yanayotugusa hapa kwetu.

Presha. Hii tunaiweka mbele. Presha ya juu haiumi. Mtu analima, anacheka, anakwenda sokoni, na ndani mishipa inaharibika. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne katika Kenya alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Ikipimwa zaidi ya siku moja na namba ya juu ikifika 140, au ya chini ikifika 90, hiyo ni presha. Tembe za presha humezwa kila siku, hata siku unayojisikia vizuri. Usiache bila kumwuliza daktari, na usimgawie jirani tembe zako.

Sukari na unene. Ugonjwa wa sukari unaharibu mishipa ile ile. Hapa kwetu chai inakunywa sukari kuliko majani! Tupunguze sukari, chumvi na mafuta ya kukaangia. Githeri, nduma, ngwaci, kunde na managu ni chakula kizuri, wala si chakula cha maskini. Na mafuta yakizidi katika damu nayo ni hatari. Hayo hupimwa hospitalini.

Kukaa bila kutembea. Wazazi wetu walitembea kutoka Gatuanyaga hadi mjini Thika na kurudi. Siku hizi hata dukani tunakwenda kwa boda boda. Mashamba yamegeuka ploti, na mtu hana pa kulima. Basi tutembee, hata nusu saa kwa siku, mpaka pumzi iende haraka kidogo.

Masikio. Wengi hushangaa kusikia kwamba kutosikia vizuri ni moja ya mambo makubwa katika orodha ile. Mzee asiyesikia anaacha kuzungumza, anajitenga, na ubongo unakosa kazi. Thika ni mji wa viwanda, na wako watu waliofanya kazi miaka mingi katika kelele za mashine bila kuziba masikio. Vijana wetu walio viwandani leo, vaeni vya kuziba masikio. Na mzee apimwe. Wakati mwingine ni nta tu imejaa sikioni, na mhudumu wa afya anaiondoa.

Macho. Thika inajulikana nchini kote kwa shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Sisi tunajua vizuri kwamba asiyeona anaweza kusoma na kufanya kazi. Lakini mzee mwenye mtoto wa jicho tunamwacha kwenye kona ya nyumba tukisema ni uzee. Mtoto wa jicho hupasuliwa na mtu akaona tena.

Kichwa kuumizwa. Tangu barabara kuu ya Thika ifunguliwe mwaka 2012 magari yanakimbia sana. Tumieni daraja la kuvukia kwa miguu. Anayepanda boda boda avae kofia ngumu, dereva na abiria pia. Mzee naye aondolewe vitu vya kumkwaza nyumbani, na awe na taa ya usiku. Mzee akianguka na kugonga kichwa, kisha baada ya siku au wiki aanze kuchanganyikiwa, mpelekeni hospitali upesi. Huenda damu imevuja ndani ya kichwa, na hiyo hutibiwa.

Pombe na sigara. Zamani muratina ilikuwa ya wazee na ya siku maalum. Leo kijana wa miaka 25 anakunywa asubuhi. Pombe nyingi inaumiza ubongo wenyewe. Tunaweka akiba ya pesa huku tunamaliza akiba ya akili.

Moshi. Hewa chafu nayo imo katika orodha. Mama anayepika kwa kuni ndani ya jikoni isiyo na dirisha anavuta moshi maisha yake yote. Kikundi kinaweza kuanza na jiko linalotumia kuni kidogo, na tundu la kutolea moshi.

Kutosoma. Mtu aliyesoma akiwa mdogo ana akiba kubwa ya kumsaidia uzeeni. Sasa tufikirie wazee wetu wa Kiambu. Wengi walikuwa watoto wakati wa Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960. Shule nyingi za kujitegemea zilifungwa, familia zikahamishiwa vijiji vilivyozungushiwa uzio. Wasichana wengi hawakuingia darasani kabisa. Hiyo haikuwa kosa lao. Lakini hakuna umri wa kuacha kujifunza. Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Madarasa ya ngumbaru yapo kwa ajili hiyo. Na kila msichana tunayemweka shuleni leo tunamkinga kwa miaka 60 ijayo.

Upweke na huzuni. Tumeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo la kikundi. Mzee aliyefiwa na mwenzake, watoto wako Nairobi au ng'ambo, anaweza kumaliza wiki bila kuzungumza na mtu. Huzuni ya muda mrefu inatibika, na mara nyingine inafanana kabisa na ugonjwa wa kusahau. Sisi tulipomfukuza cucu tulimwongezea jambo hili juu ya presha yake.

JE, WATU WA KIJIJINI WANAWEZA?

Kuna anayesema haya ni mambo ya Wazungu na mahospitali makubwa. Tuwape mifano miwili.

Wa kwanza ni wa Ibadan, Nigeria. Tangu 1992 watafiti walifuata wazee wa Kiyoruba wa Ibadan, na wazee Wamarekani weusi wa mji wa Indianapolis, wote wenye miaka 65 na zaidi. Matokeo yalitolewa 2001. Kwa mwaka, wagonjwa wapya wa demensia huko Ibadan hawakufika hata nusu ya wale wa Indianapolis. Wazee wa Ibadan pia walikuwa na presha na sukari kidogo kuliko wenzao. Huenda maisha ya kawaida ya Kiafrika yalikuwa na kinga fulani. Swali ni kama bado tunayo, au tumeiuza pamoja na shamba.

Wa pili ni wa vijijini China, na matokeo yake yalitolewa 2025. Katika vijiji 326 walichukuliwa watu karibu 34,000 wenye miaka 40 na zaidi, wote wakiwa na presha isiyotulia. Katika nusu ya vijiji hivyo, wahudumu wa kijijini, ambao si madaktari wa hospitali, waliwapima watu, wakawapa dawa kwa utaratibu na kuwafuata wasiache. Baada ya miaka minne, hatari ya demensia katika vijiji hivyo ilikuwa imepungua kwa asilimia 15 kuliko vile vingine. Hakuna dawa ya ajabu iliyotumika. Ilikuwa mashine ya presha, tembe, na mtu wa kufuatilia.

Nasi tunao watu hao. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchini, wakapewa mikoba yenye vifaa, kikiwemo cha kupima presha na cha kupima sukari. Ulizeni wa kijijini kwenu ni nani.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Mwalikeni mhudumu wa afya kila miezi mitatu, kila mwenye miaka 40 na zaidi apimwe presha. Namba iandikwe kwenye kadi ya mtu mwenyewe. Isisomwe mbele ya mkutano, maana ni siri yake.

2. Wanaomeza tembe wapangwe wawili wawili, kila mmoja amkumbushe mwenzake. Kama mtu hana nauli ya kwenda kliniki, mfuko wa kikundi umsaidie. Nauli ni kidogo kuliko gharama ya kiharusi.

3. Pesa zihesabiwe na watu wawili kila mara, na wote waandike sahihi. Hiyo inamlinda mwekahazina, na inaonyesha mapema kama mtu ameanza kushindwa na hesabu.

4. Mtu akianza kukosea, msimwite mwizi. Pesa zitafutwe, na yeye apelekwe hospitali. Abadilishiwe kazi lakini asiondolewe. Anaweza kuchambua maharagwe, kuongoza wimbo, au kuwasimulia watoto habari za zamani. Mara nyingi ya zamani anayakumbuka kuliko ya jana.

5. Mkumbukeni anayemtunza. Mara nyingi ni binti au mke wa mtoto, na halali usiku. Watu wawili wa kikundi wakae na mzee saa chache kila wiki ili mama huyo apumzike.

6. Mzee anayepata pesa za Inua Jamii asindikizwe na mtu mwaminifu anayejulikana na familia. Wako wanaomla mzee anayesahau.

7. Msinunue dawa za kuongeza kumbukumbu zinazouzwa kwenye stendi ya matatu. Hakuna dawa inayoponya demensia. Pesa hizo zinunue tembe za presha.

Wapendwa, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa cucu wetu ulionekana miaka tisa kabla ya zile shilingi 6,400. Sote tulikuwa tukimwona kila Alhamisi, na hakuna aliyeuliza habari za tembe zake. Tulijua kuhesabu pesa zake tu.

Tukirudi nyumbani leo, tupitie kwa mzee mmoja ambaye ameacha kuja mkutanoni. Tumwulize habari. Tumsikilize, hata akituuliza mara tatu kama tumekunywa chai. Na tumwambie kwamba Alhamisi tutampitia.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni wazee gani walioacha kuja katika kikundi chetu? Tunajua sababu?

2. Wangapi kati yetu tulipima presha mwaka huu? Waliokosa, ni nini kiliwazuia?

3. Kama mwekahazina wetu angekosea hesabu leo, tungefanya nini kwanza?

4. Katika kijiji chetu, mzee anayechanganyikiwa anaitwaje na watu? Jina hilo linamsaidia au linamwumiza?

5. Chagueni jambo moja katika yale saba. Nani atalifanya, na kufikia tarehe gani?